Mwigizaji na Majukwaa Yake: Amandina Lihamba Akitazamwa Kutoka Kagera



Nimepewa nafasi ya kuzungumza hapa Bukoba juu ya uigizaji, na nimeamua kuitumia karibu yote kwa mtu mmoja. Anaitwa Amandina Lihamba. Amezaliwa mwaka 1944, na hakuzaliwa mkoani kwetu. Kwa miongo mingi amekuwa mwigizaji wa jukwaani, mwigizaji wa filamu, mwandishi wa tamthilia, mwongozaji, mtafiti na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikopanda hadi kuwa profesa, mkuu wa idara na mkuu wa kitivo. Watu wakiisikia orodha hiyo husema mama huyu amejaliwa vipaji vingi. Ni kweli amejaliwa. Lakini jibu hilo linatupitisha haraka mahali ambapo tungepaswa kusimama. Nikiifuata kazi yake tangu mwanzo, naona jambo moja likijirudia: kila alipogundua kwamba watu wanaohusika na mchezo hawako mbele yake, alihama. Alihamia lugha nyingine, au ukumbi mwingine, au filamu, au uwanja wa kijiji, au darasa la wasichana. Upana wa kazi yake umetokana na kuwatafuta watazamaji wake. Hilo ndilo ninalotaka tulichunguze, na mwishoni nitawaletea jambo la hapa jirani, Muleba, ambalo nadhani linatungoja.

Nianzie nyumbani, kwa sababu hatukuanza kujifunza uigizaji shuleni.

Bahaya walikuwa na mwigizaji wao kamili kabla ya kengele ya misheni ya kwanza kulia. Alikuwa mpiga nanga. Wazee mnaijua enanga: ubao uliochongwa ukaachwa na bonde katikati, nyuzi zikapita juu yake kutoka upande huu hadi upande ule. Mpigaji aliketi ikulu mbele ya Mukama, yaani mfalme, au nyumbani kwa mtu mwenye wageni na pombe ya ndizi, akaanza habari za Rukiza, au za Kachwenyanja, au za Mugasha mwenye ziwa na dhoruba. Kinywa kilikuwa kimoja. Kwa kinywa hicho alisema mfalme, akajibu mke, adui akatukana, mama akalia. Hakuwa na pazia wala taa. Alikuwa na sauti, mabega, macho na nyuzi zake, na waliomsikiliza walijua ni nani anayesema kila wakati. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mtoto wa mkoa huu, aliziandikia tendi hizo tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, akaonyesha kwamba Afrika ina tendi zake na kwamba waliokana jambo hilo hawakuwa wamefika kusikiliza.

Halafu kuna kwebuga. Shujaa anasimama mbele ya Mukama, mkuki mkononi, anajitaja, anautaja ukoo wake na alivyopigana. Anakwenda mbele, anarudi nyuma, anauchoma mkuki hewani. Leo tunaona hilo harusini, limepoa kidogo, lakini mwili wa mchezo bado upo. Vitabu vyetu vya sekondari huviita vipande hivyo majigambo na kuviweka chini ya sanaa za maonyesho, na ni sahihi.

Na kuna hadithi za jikoni, zile za usiku, bibi akisimulia huku ndizi zinaiva. Mmarekani Peter Seitel alikuja huku mwishoni mwa miaka ya 1960 akazirekodi, na mwaka 1980 akatoa kitabu juu yake. Jambo alilolizingatia sana ni lile ambalo sisi tulilichukulia la kawaida: msikilizaji ana kazi. Lazima aitikie. Lazima amsukume msimulizi mbele kwa maneno yake. Wasikilizaji wakinyamaza, hadithi inakufa mdomoni. Naomba mlishike hilo, kwa maana Lihamba na wenzake walitumia miaka mingi ya utafiti na safari kurudisha kwenye tamthilia kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho jikoni.

Sasa twende Dar es Salaam. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, masomo ya sanaa za maonyesho yalianzishwa katika Chuo Kikuu. Tamthilia iliyokuwapo mijini kabla ya hapo ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Kiingereza, ya klabu za Wazungu na ya mashindano ya shule za wachache. Kizazi kilichopita katika idara ile kilibadilisha mambo kwa kasi. Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969. Penina Muhando, ambaye baadaye tulimjua kama Profesa Penina Mlama, alitoa Hatia mwaka 1972 na hakusimama tena. Mwaka 1976 yeye na Ndyanao Balisidya walitoa Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kitabu ambacho walimu wa Kiswahili humu ndani wamekibeba mikononi. Tangu hapo tumefundishwa kwamba onyesho lina mambo manne: jambo linalotendwa, mtendaji, mahali pa kutendea, na watazamaji. Wanafunzi hukariri manne hayo kwa ajili ya mtihani. Lihamba, naona, aliishi maisha yake yote ndani ya lile la nne.

Angalieni alichofanya na Hawala ya Fedha. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa ameandika hadithi ya mzee wa Dakar aliyepokea hawala kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Hela zipo posta, lakini mzee hana kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti. Ili apate cheti anahitaji mtu anayemjua mtu. Ndugu na majirani wamekwisha sikia habari za fedha, wote wana shida, na fedha yenyewe bado haijashikwa na mkono. Sembène alikuwa mwandishi mwenye kusifiwa, lakini aliona kwamba watu wengi wa nchi yake hawasomi Kifaransa, akaifanya hadithi hiyo filamu mwaka 1968, wahusika wakisema Kiwolofu. Lihamba akaichukua akaifanya tamthilia ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1980. Hadithi moja ilitoka kitabuni ikaingia kwenye filamu, ikatoka kwenye filamu ikapanda jukwaani, na kila ilipohama iliwakaribia watu ambao ilikuwa inawahusu. Mtu yeyote wa Bukoba aliyewahi kusimama foleni ya ofisi akiambiwa arudi kesho hahitaji kuelezwa Dakar iko wapi.

Mwaka 1982 wanawake watatu, Lihamba, Muhando na Balisidya, walichapisha Harakati za Ukombozi. Nataka wasichana waliopo hapa wasikie vizuri: waandishi watatu wanawake, tamthilia moja, juu ya historia nzima ya nchi, tangu kupambana na wageni hadi maswali ya baada ya uhuru. Hawakujifungia katika mambo yanayoitwa ya akina mama. Walichukua nchi. Miaka hiyo hiyo lilikuwapo kundi la Paukwa, la walimu na wasomi wa sanaa waliotunga kwa pamoja, na Ayubu yao ilichapishwa mwaka 1984. Kutunga kwa pamoja ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mwigizaji anayesubiri apewe maneno hawezi kuifanya. Inabidi afikiri akiwa amesimama, akubali sentensi yake nzuri ikatwe na mwenzake, akubali kucheza mtu asiyemsifu. Nadhani shule hiyo ilimwandaa kwa yote yaliyofuata.

Kisha filamu.

Tanzania ilikuwa na Kampuni ya Filamu ya taifa tangu mwaka 1968, lakini filamu za hadithi zilitoka moja moja, kwa shida, mara nyingi kwa kushirikiana na watu wa nje. Moja ni Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill, na Lihamba alikuwa miongoni mwa waigizaji wake. Ni filamu fupi. Mwanamke anaumwa, hospitali hazijamsaidia, mumewe anataka ampeleke kwa mganga wa kienyeji, naye anaogopa waganga kwa sababu ya jambo la utotoni. Mwaka ule ule wa 1985 Lihamba alikamilisha shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa tasnifu juu ya siasa na tamthilia nchini Tanzania kuanzia Azimio la Arusha hadi 1984. Wapo wanaodhani msomi na mwigizaji ni watu wawili wanaooneana haya. Mwaka huo mtu mmoja alizikamilisha kazi zote mbili.

Filamu ninayotaka tuikalie kidogo ni ya 2001, Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na huyo huyo Ron Mulvihill. Daktari Asira, Mmarekani mweusi, anakuja Tanzania kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Anachezwa na BarbaraO, ambaye watazamaji wa Marekani walimjua kwa Daughters of the Dust ya mwaka 1991. Hospitalini anamkuta mwanamke aitwaye Samehe, ambaye kwa miaka mingi hajasema na mtu. Anayesema naye ni bibi wa kale, Maangamizi, anayechezwa na Mwanajuma Ali Hassan. Samehe ni Lihamba.

Fikirini mzigo wa uhusika huo. Huyu ni mwigizaji aliyelelewa na tamthilia ya Kiswahili, na tamthilia yetu ni ya maneno. Tumetoka kwenye nanga, kwenye majigambo, kwenye mashairi, kwenye hotuba. Jukwaani mwigizaji wetu akikwama hukimbilia sauti: huiinua, huivuta, huivunja. Sasa anapewa mtu ambaye mdomo wake umefungwa, na kamera iko hatua chache kutoka usoni. Jukwaani, mtu wa mwisho nyuma ya ukumbi anahitaji kuliona huzuniko lako, kwa hiyo unaliweka mabegani na mikononi. Mbele ya kamera mkono ukiinuliwa hivyo unakuwa uongo. Inabidi huzuni ipungue kwa ukubwa bila kupungua kwa uzito. Lihamba anaiweka kwenye shingo na kope. Anatazama kitu ambacho daktari hakioni, na sisi tunaamini kipo, kwa sababu macho yake yamepima umbali wake. Kisha daktari anapokaribia, mwili wake hauogopi wala haukaribishi, unasubiri. Nimeitazama mara kadhaa nikiwa na wanafunzi, na kila mara huwaomba wasiandike lolote katika sehemu zake za kimya, watazame tu. Wanaotaka kuwa waigizaji watapata humo zaidi ya ninachoweza kuwafundisha.

Lihamba alikuwa na miaka 57 filamu hiyo ilipotoka. Katika nchi nyingi mwanamke wa umri huo hupewa uhusika wa bibi anayeleta chai. Yeye alibeba filamu, na filamu hiyo ikawa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kugombea tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za kigeni. Haikufika kwenye orodha ya mwisho. Ya pili kupelekwa ilikuwa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, na hiyo ilitoka mwaka 2021. Kati yao kuna miaka ishirini. Ndani ya miaka hiyo ilikuja sekta yetu ya filamu za video, akaja Steven Kanumba, tukamzika mwaka 2012 kwa umati ambao Dar es Salaam haikuuzoea. Sitasimama hapo leo. Nitasema tu kwamba umati ule ulionyesha jinsi watu wetu wanavyompenda mwigizaji anayesema lugha yao, na kwamba aliyekuwa akilitafuta jambo hilo tangu miaka ya 1970 hakuwa akikosea.

Mtu mwingine angeridhika na filamu na vitabu. Lakini sehemu ya kazi ya Lihamba ninayoiheshimu kupita zote haikuchapishwa kwenye bango lolote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye, Penina Mlama na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza, ng'ambo ya ziwa hili hili. Hawakupeleka mchezo. Walikwenda kukaa na vijana wa kijiji, kuuliza nini kinawasumbua, kuchambua pamoja, kutunga pamoja kwa ngoma na nyimbo na maigizo ya huko huko, kuonyesha, na baada ya onyesho kuzungumza na kijiji kizima. Jambo lililojitokeza lilikuwa mimba za wasichana wa shule na maisha ya vijana wasio na kazi. Wakosoaji wa mjini waliuliza: uko wapi ufundi hapo? Nawajibu hivi. Kumfanya kijana wa kijijini, ambaye hajawahi kusimama mbele ya wazee, aseme ukweli mbele yao kwa umbo ambalo wazee hawatalikasirikia hadi waondoke, ni ufundi wa hali ya juu kabisa. Unahitaji mwongozaji anayejua uigizaji kwa ndani, na anayekubali kukaa pembeni.

Kutoka hapo njia ilikwenda hadi TUSEME. Mradi huo ulianza mwaka 1996, Mlama na Lihamba wakiwa mstari wa mbele, kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Wasichana wanakaa katika warsha shuleni. Wanataja yanayowazuia kusoma: kazi za nyumbani na za shule zinazowaelemea wao kuliko wavulana, wanaume wanaowafuata njiani, walimu wasiojiheshimu, mimba, aibu ya kuuliza swali darasani. Wanayachambua bila kumtafuta mtu wa kumpiga. Wanayatungia mchezo, wanauonyesha mbele ya shule nzima, uongozi ukiwapo. Kisha klabu ya TUSEME inabaki pale kufuatilia yaliyoahidiwa. Mradi ulivuka mipaka: mtandao wa wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, ambao Mlama alikuja kuuongoza, ukaueneza katika nchi nyingi.

Sasa mliunganishe hilo na Samehe. Mwigizaji aliyetumia mwili wake mwenyewe kuonyesha mwanamke aliyefungwa kimya alikuwa, katika miaka hiyo hiyo, shuleni, akiwasaidia wasichana wa miaka kumi na mitano wasifungwe hivyo. Sidhani alihesabu moja kuwa sanaa na nyingine kuwa kazi ya maendeleo. Kwa maoni yangu ni uigizaji ule ule. Mara moja yeye ndiye mtendaji, mara nyingine amempa mtoto wa mtu nafasi hiyo.

Turudi Kagera, na hapa nitasema polepole.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa wetu, mwaka 1983. Utafiti uliofanyika hapa mwaka 1987 ulikuta kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na virusi. Sihitaji kuwaeleza wazee wa Bukoba na Muleba miaka ile ilikuwaje. Kuna vijiji ambavyo bibi alibaki na wajukuu na migomba. Katika miaka iliyofuata vijana wa mkoa huu walianzisha vikundi vya ngoma, kwaya na maigizo, wakaonyesha sokoni, shuleni, nje ya makanisa na kwenye viwanja vya mpira. Mtafiti wa Kiswidi, Ola Johansson, alivifuatilia vikundi vya namna hiyo Kagera na Mtwara, na mwaka 2011 akatoa kitabu juu ya tamthilia ya jamii na UKIMWI. Kwangu, jambo kubwa katika kazi ya vijana hao ni kwamba walipoombwa waigize ugonjwa, waliigiza kwanza uhusiano wa wanaume na wanawake: nani anaamua, nani ana fedha, nani anarithi, nani hawezi kukataa. Waliona mapema mambo ambayo mabango ya barabarani hayakuyataja.

Niliwahi kulitazama onyesho moja la namna hiyo siku ya gulio, huko Muleba. Mume amekufa, ndugu wanakuja kugawana mali, mjane amekaa chini. Kijana aliyecheza shemeji alikuwa akimfokea mjane kama mlevi. Mama mmoja mtu mzima akatoka kwenye kundi la watazamaji akamwambia: mwanangu, hawafoki. Wanakuja na adabu, wanakaa, wanakunywa ulichowapa, halafu wanasema kwa upole kwamba ukoo umeamua. Kijana akarudia sehemu ile kwa upole. Watu waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Yule mama hakuwa amesoma sanaa za maonyesho, lakini alimwongoza mwigizaji kuliko ambavyo ningeweza mimi, na aliweza kwa sababu kikundi kile kilifanya onyesho lao mahali ambapo mtazamaji anaruhusiwa kuingia.

Lazima nitaje pia ugonjwa wa tamthilia ya namna hii. Ikishakuwa na mfadhili, mfadhili hutaka ujumbe, na ujumbe hutaka kufika haraka. Matokeo yake ni mchezo ambao kila mtazamaji anaujua mwisho wake kabla haujaanza: mlevi ataugua, binti mkaidi atajuta, daktari atahutubia. Mwigizaji akizoea michezo hiyo anaharibika, kwa sababu hahitaji kumfahamu mtu yeyote. Anahitaji kusimama upande sahihi tu. Nimeona vijana wenye uwezo mkubwa wa mkoa huu wakiishia hapo, na fedha za mradi zilipokwisha, mchezo ukaisha. Kinga ambayo naiona katika kazi ya Lihamba ni kwamba hakuliacha jukwaa la kisanaa alipokwenda kijijini. Mwaka 1992, katikati ya shughuli zote hizo, alichapisha tamthilia ya Mkutano wa Pili wa Ndege. Alikuwa anarudi kila mara kwenye kazi ngumu ya kuandika na kuigiza watu kamili, na ukamilifu huo ndio aliokwenda nao vijijini.

Hakuwa peke yake katika eneo letu. Wengi wenu mna ndugu Kampala, na wazee watamkumbuka Rose Mbowa, aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki mwaka 1999, mwalimu wa Makerere. Naye aliigiza, aliongoza, alizunguka. Alimcheza Mama Courage wa Brecht kwa Kiganda, na Mganda aliyeishi miaka ya Amin na iliyofuata hakuhitaji maelezo juu ya mama anayefanya biashara nyuma ya majeshi huku vita ikimla watoto. Sisi wa Kagera, tuliovamiwa mwaka 1978, tungelielewa igizo hilo vizuri vilevile. Na kule Tanga alikuwapo Amri Athumani, King Majuto, aliyepanda jukwaani mwaka 1958 akiwa mtoto na kufariki mwaka 2018 akiwa bado anapendwa, baada ya kupita jukwaani, kwenye kanda, kwenye runinga na kwenye filamu. Shule ya Majuto ilikuwa tofauti kabisa na ya Lihamba. Lakini wote watatu walidumu kwa kuhama pamoja na watu wao.

Sasa nifike kwenye lile nililowaahidi.

Mwaka 1988 mama mmoja wa Kihaya, mzee, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Aliliuza kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai mauzo yabatilishwe, kwa kuwa sheria ya mila ya Kihaya, ilivyokuwa imeandikwa katika tangazo la serikali la mwaka 1963, ilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo katika maisha yake lakini si kuiuza. Kashasha wakampa kijana haki. Mama akakata rufaa wilayani, akashinda. Kijana akaipeleka Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba sheria ile inapingana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume. Hukumu hiyo inasomwa katika vitivo vya sheria duniani kote. Imeanzia Kashasha, wilaya ya Muleba, kilomita chache kutoka kwenye nyumba za baadhi yenu.

Nataka tuiigize. Walimu mnaoongoza klabu za shule, na vikundi mlivyobaki Nshamba na Kamachumu, nakala ya hukumu inapatikana, na nitasaidia kuisoma na kuitafsiri. Tusibebe majina ya watu wa kesi ile. Tuwape wahusika majina mengine, tuache familia ipumzike. Tuionyeshe kwanza Kashasha, mchana, mahali ambapo wazee wa ukoo wanaweza kukaa mbele na kukatiza. Nanga iwepo, kama tutampata mzee wa kuipiga.

Uhusika wa mama watagombea wengi, na wasichana wa hapa watauweza. Ninayemhofia ni mpwa. Kijana atakayemchukua atashawishika kumcheza kama mwovu, kwa kuwa tunajua alishindwa. Lakini mpwa yule aliamini kwamba shamba ni makaburi ya babu zake, na kwamba akinyamaza mgeni atalima juu yao. Atakayemcheza aende kwanza akakae na wazee wanaofikiri hivyo hadi leo, awasikilize bila kubishana, hadi aweze kuyasema maneno yao nao wakakiri kwamba ndivyo walivyomaanisha. Akishindwa kufanya hivyo, tumtafute mwingine. Mazoezi tunaweza kuyaanza baada ya mvua za vuli, shule zikishafungwa, na walio tayari waniachie majina yao kabla hawajaondoka.